Paka mzee anapoburuta miguu ya nyuma

Chausiku alikuwa na miaka 13 alipoanza kutembea kama sungura. Nilikuwa barazani nachambua mchele, naye anatoka jikoni kunifuata, nikaona visigino vyake vya nyuma vimelala sakafuni. Paka hukanyaga kwa vidole. Kisigino chake ni kile kifundo cha juu kilichochongoka kwa nyuma, ambacho wengi hudhani ni goti lililopinda kinyume. Cha Chausiku kiligusa saruji kila hatua. Alipofika kwenye kidaraja cha baraza, ambacho miaka yote alikiruka bila hata kukitazama, alisimama, akaniangalia, akalia.

"Mwanangu, huyo keshazeeka, mwache apumzike," mama mkwe aliniambia. Nikamwacha wiki tatu nzima, na wiki hizo tatu ndizo zilizonifanya niandike makala hii. Uzee peke yake haulegezi miguu ya paka. Pana kitu kinachoilegeza, na mara nyingi kitu hicho kina jina, kina kipimo, na kina dawa au angalau nafuu.

Jambo la kwanza la kujiuliza ni hili: udhaifu ulianza ghafla au ulikuja polepole? Jibu lake ndilo linaloamua kama unamkimbiza kwa daktari wa mifugo saa hii hii au unapanga safari ya kesho.

Tuanze na wa ghafla, kwa sababu ndio unaoua. Paka alikula vizuri asubuhi, mchana unasikia analia kilio kikali usichowahi kukisikia, unamkuta anajivuta kwa miguu ya mbele huku ya nyuma imemfuata kama kitambaa. Mshike nyayo za nyuma, kisha za mbele, ulinganishe. Zile za nyuma zikiwa baridi, na ngozi yake imepauka au imegeuka rangi ya zambarau, huenda damu iliyoganda imeziba mshipa mkuu pale unapogawanyika kwenda miguu yote miwili. Bonge hilo kwa kawaida hutokea moyoni, kwa paka ambaye misuli ya moyo wake imenenepa kupita kiasi, na wengi wao hawakuwa wameonyesha dalili yoyote kabla ya siku hiyo. Maumivu yake ni makubwa mno. Usimkande, usimpashe miguu kwa maji ya moto, usisubiri kuche. Mfunge kwa taulo, muweke kwenye boksi, mpeleke. Sitaficha ukweli: paka wengi hawaponi hali hii, na daktari anaweza kukushauri umpumzishe asiteseke. Lakini hata dawa ya kumtuliza maumivu ni haki yake, na kila saa unayochelewa ni saa ya mateso kwake.

Miguu ikilegea ghafla lakini ina joto lake, fikiria kuanguka, kugongwa, kuumwa na mbwa, au uti wa mgongo ulioumia. Mbebe akiwa amelala juu ya kitu kigumu kama ubao au sinia pana, mgongo usipinde.

Na katika nchi zetu hatuwezi kuacha kutaja kichaa cha mbwa, ambacho paka pia hupata. Paka asiye na chanjo, aliyebadilika tabia, anayetokwa mate, sauti imegeuka na miguu inakufa ganzi, asishikwe kwa mikono mitupu. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Dalili za ugonjwa huu zikishamtokea binadamu, karibu hakuna anayepona.

Sasa udhaifu wa polepole, ambao ndio uliompata Chausiku. Paka anayekanyaga kwa visigino, hasa dume aliyehasiwa, mnene, mwenye zaidi ya miaka saba, kwanza apimwe kisukari. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu neva za miguu ya nyuma, na kifundo kinakosa nguvu ya kusimama. Chausiku alikuwa jike na hakuwa mnene, lakini dalili nyingine zote zilikuwepo, sikuzisoma tu. Bakuli lake la maji nilikuwa nalijaza mara mbili kwa siku nikidhani ni joto la Februari. Mchanga wake wa kujisaidia ulikuwa na mabonge makubwa ya mkojo. Alikula zaidi kuliko zamani, na bado uti wa mgongo ulianza kuhesabika chini ya manyoya. Paka wa kilo 4 anayemaliza karibu nusu lita ya maji kwa siku ni mgonjwa, hata awe mchangamfu. Daktari alimtoboa kidogo sikioni, akaweka tone la damu kwenye kifaa kama kile wanachotumia watu wenye kisukari, na kabla sijamaliza kueleza namba ilikuwa imesomeka: kisukari. Kisukari cha paka hutibika: insulini mara mbili kwa siku, na chakula chenye nyama nyingi na wanga kidogo. Wengine sukari yao hurudi kawaida wakaacha sindano, hasa wanapowahiwa. Neva nazo zaweza kupona taratibu, kwa wiki na miezi.

Figo ni sababu nyingine kubwa kwa paka wazee. Figo zilizochoka humwaga potasiamu kwenye mkojo, na misuli bila potasiamu haina nguvu. Mtazame shingo: paka wa namna hii kichwa huinama, kidevu kikakaribia kifua, kana kwamba anatafuta kitu sakafuni. Kipimo cha damu huonyesha, na potasiamu hurudishwa kwa dawa kwa kiasi anachopanga daktari.

Halafu kuna viungo vyenyewe. Watafiti wa Marekani, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2002, walikagua picha za eksirei za paka 100 waliozidi miaka 12. Paka 90 walikuwa na viungo au mgongo uliochakaa. Paka wa hivi halii. Anaacha tu kuruka juu ya kabati, anapanda kwanza kiti, anajisaidia nje ya beseni la mchanga kwa sababu ukingo umemshinda, manyoya ya kiunoni yanasokotana kwa kuwa hafiki kuyalamba. Tunamwita mvivu kumbe anaumwa.

Kwa sisi tunaowalisha paka mabaki ya jikoni, chakula nacho kichunguzwe. Samaki wengine wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka akiwala kila siku huanza kuyumba na kuinamisha kichwa, mwishowe hupata degedege. Wapike samaki hao kwanza. Maini ya kila siku, kwa miezi na miaka, hujaza vitamini A mwilini hadi mifupa ya shingo na mgongo ikashikana. Kipande mara moja moja hakina neno.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Usimpe paka dawa ya maumivu ya binadamu. Ini la paka haliwezi kuivunja paresetamoli. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua, ufizi ukibadilika kuwa kahawia na uso ukavimba. Diklofenaki na aspirini nazo ziache kabatini. Wala usimpake dawa ya viroboto ya mbwa, kwani nyingi zina permethrini, ambayo humtetemesha paka hadi kufa.

Kabla ya kwenda kwa daktari, mpige video kwa simu akitembea nyumbani, kwa sababu paka mwenye hofu hujikunyata mezani na hatembei. Pima maji anayokunywa kwa siku moja, umpime na uzito. Kama mtaani kwenu daktari ni wa ng'ombe na kuku tu, muulize hata hivyo. Sukari anaweza kuipima. Kwa vipimo vikubwa zaidi, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro na Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete vinatibu wanyama.

Nyumbani, tandika mkeka au zulia kwenye vigae ili asiteleze, kata ukingo wa beseni la mchanga upande mmoja, shusha chakula na maji karibu na anapolala. Chausiku nilimwekea tofali mbele ya kile kidaraja cha baraza. Mwezi wa tatu wa sindano aliacha kulitumia.

Kama una paka aliyevuka miaka 10, mshike nyayo za nyuma leo akiwa mzima, ulijue joto lake. Siku likibadilika, utajua.