Kuchagua Eriali ya Safarini kwa Redio ya Ridhaa

Redio ya ridhaa ni mawasiliano yanayofanywa na watu binafsi, pasipo malipo wala biashara, kwa leseni ya serikali na katika masafa yaliyotengwa kimataifa kwa ajili yao. Stesheni zao hutambuliwa kwa tarakimu na herufi: zile za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z, na za Uganda 5X. Katika siku za kawaida kazi hii huonekana kuwa ni burudani tu ya watu wapendao ufundi. Lakini tarehe 26 Desemba, 2004, mawimbi ya tsunami yalipoipiga pwani ya Bahari ya Hindi, kulikuwako Port Blair, katika visiwa vya Andaman, kundi dogo la wanaridhaa kutoka India Bara lililoongozwa na Bibi Bharathi Prasad. Walikwenda huko kwa mawasiliano ya kawaida ya ridhaa. Njia za simu zilipokatika, redio zao ziligeuka kuwa njia ya kupeleka bara habari za watu walionusurika na waliopotea.

Katika hali ya namna hiyo mtambo wenyewe si taabu kubwa. Mtambo wa wati 20, au hata 100, huingia katika mkoba na hutosheka na betri ya gari. Kinachoamua kama sauti itafika au haitafika ni eriali, au antena kama wengine waiitavyo. Nayo ndiyo inayovunjika, inayoanguka, na inayonunuliwa kwa haraka bila kufikiriwa.

Urefu wa waya

Mawimbi ya redio huenda kwa mwendo wa kilomita 300,000 kwa sekunde. Idadi 300 ikigawanywa kwa masafa katika megahezi, jibu ni urefu wa wimbi moja kwa mita. Kwa megahezi 7.1, ambayo imo katika masafa ya ridhaa yanayotumika sana Afrika Mashariki, wimbi lina urefu wa mita 42 na robo. Eriali hufanya kazi kwa wepesi ikiwa urefu wake unakaribia nusu ya wimbi, kwa kuwa hapo umeme huenda na kurudi katika waya kwa mapigo yale yale ya mtambo, mfano wa bembea inayosukumwa kwa wakati wake.

Kutokana na tabia ya umeme kwenye ncha za waya, urefu unaofaa hupungua kidogo kuliko nusu kamili. Kanuni ya mafundi ni kugawanya 143 kwa megahezi. Kwa 7.1 jibu ni mita 20 na sentimita 14, yaani vipande viwili vya takriban mita 10 na sentimita 7, vikiunganishwa katikati na kebo inayotoka mtamboni. Waya wenye ganda la plastiki huhitaji kuwa mfupi zaidi kwa asilimia 2 hadi 4 hivi. Kwa sababu hiyo waya hukatwa mrefu kwanza, kisha hupunguzwa kidogo kidogo huku ukipimwa. Waya wa kawaida wa nyumbani wa milimita mraba 1.5 unatosha kabisa, na mita 20 zake hazifiki nusu kilo.

Hii ndiyo eriali ya kale ya nusu wimbi, nayo haina sura ya kuvutia. Msafiri wengi humpendeza zaidi fimbo fupi ya chuma yenye koili chini yake, ambayo hukunjwa na kusimamishwa kwa dakika mbili. Inafaa hesabu yake ifanywe kabla ya fedha kutolewa.

Uwezo wa eriali kugeuza umeme kuwa mawimbi hupimwa kwa omu, kana kwamba ni ukinzani. Fimbo ya mita 2.5 katika megahezi 7.1 ina omu 1.4 tu za namna hiyo. Ikiwa koili yake ina ukinzani wa omu 6, na udongo chini yake unameza sawa na omu 10, jumla ni omu 17.4. Katika wati 20 zitokazo mtamboni, wati 1.6 ndizo zinazoruka hewani; nyingine zote hupasha moto koili na ardhi. Waya wa nusu wimbi una omu kadha wa kadha za kurusha mawimbi dhidi ya omu chache za upotevu, hivyo sehemu kubwa ya wati hizo huondoka, ingawa kiasi fulani humezwa na udongo ikiwa waya umefungwa chini sana.

Mnunuzi huweza kudanganyika hapa. Mita ya kupimia nguvu zinazorudi mtamboni huonyesha kwamba fimbo ile iko sawa, wala hakuna kinachorudi. Lakini mita hiyo haijui nguvu zilikokwenda. Kizuizi cha omu 50 kilichofungiwa ndani ya kopo nacho kingeonyesha usawa kamili, na hakuna mtu angelisikia neno lolote kutoka kwenye kopo hilo.

Karibu au mbali

Swali la pili ni kwamba ujumbe unakwenda wapi. Mawimbi ya masafa haya husafiri mbali kwa kurudishwa na ionosfera, tabaka la hewa lenye chembe za umeme lililo juu sana, kilomita mia kadhaa kutoka ardhini. Eriali iliyosimama wima hurusha nguvu zake kwa mwelekeo wa chini, karibu na upeo wa macho. Mawimbi hayo hutua mbali, pengine nchi nyingine, yakaruka eneo lote lililo katikati. Mtu aliye umbali wa kilomita 150 aghalabu hasikii kitu, ilhali aliye ng'ambo ya bahari anasikia vizuri.

Waya wa nusu wimbi uliotandazwa kwa ulalo, kimo cha mita 5 hadi 10 tu, hufanya kinyume chake. Hurusha nguvu juu moja kwa moja, na ionosfera huzirudisha chini kama mvua juu ya eneo lote la jirani. Duara la kilomita 400 hufunikwa bila pengo, na milima haizuii kitu kwa kuwa mawimbi yanatoka juu. Stesheni iliyoko Dodoma kwa njia hii huweza kuzungumza mchana na Dar es Salaam, iliyo mbali kwa takriban kiasi hicho. Usiku ionosfera inapopungua nguvu, mara nyingi hulazimu kushuka hadi megahezi 3.5 au 3.6, na hapo waya huwa wa mita 40 hivi. Kwa kazi za maafa, ambapo wilaya iliyokatika barabara inataka kusema na makao makuu ya mkoa, waya wa chini ni bora kuliko mlingoti mrefu. Watu wengi husumbuka kuinua waya juu sana pasipo haja.

Eriali ya wima ina mahali pake pa heshima: ufukweni. Maji ya chumvi hupitisha umeme mara maelfu kuliko udongo mkavu wa mchanga, na upotevu ule wa ardhini karibu hutoweka. Mbali na bahari, eriali hiyo haina budi kutandaziwa nyaya kadhaa juu ya ardhi kuizunguka, na uzito wa nyaya hizo huhesabiwa pamoja na wa fimbo.

Uimara

Upepo ulimsumbua Marconi mwenyewe. Mwezi Desemba, 1901, huko Newfoundland, alipoteza puto na tiara kwa upepo kabla ya tiara nyingine kuuinua waya wake hadi mita 150 hivi. Tiara hiyo ilipanda na kushuka, na tabia ya waya ikabadilika kila dakika, hata akaacha kipokezi chake kilichotegwa kwa masafa maalumu akatumia kilicho rahisi zaidi. Alitangaza kwamba alisikia herufi S kutoka Cornwall, jambo ambalo wataalamu wanabishania hadi leo.

Msafiri wa kawaida hahitaji tiara. Mti mmoja au mlingoti mmoja wa mwanzi huinua sehemu ya katikati, na mikono miwili huteremka pande zote mbili kama paa la nyumba. Pembe ya juu isipungue nyuzi 90. Uzi mwembamba wenye jiwe hurushwa juu ya tawi kwa manati, kisha kamba huvutwa kwa uzi huo. Kamba ya katani hupatikana kila mahali, lakini hujikaza inapolowa na kulegea inapokauka, hivyo iachiwe nafasi. Kwenye ncha za waya pasifungwe kamba moja kwa moja, bali kipande cha bomba la plastiki, kwa kuwa kamba iliyolowa hupitisha umeme na ncha ndizo zenye volti nyingi.

Palipo na mti mmoja tu na nafasi finyu, waya wa nusu wimbi huweza kulishwa kutoka ncha moja kwa kupitia transfoma ndogo. Ni njia nyepesi, ila ukinzani hapo ni omu elfu kadhaa, na transfoma dhaifu hupata moto ikapasuka. Ichaguliwe ya nguvu mara mbili kuliko mtambo.

Mahali panapokatika mara nyingi ni pale kebo inapounganishwa na waya. Uzito wa kebo usiachwe uning'inie kwenye risasi ya kulehemu. Kebo ifungwe kwanza kwa kamba kwenye kipande cha katikati, na kiungo kizibwe dhidi ya mvua, maana maji yakishaingia ndani ya kebo hayatoki. Eriali ijaribiwe nyumbani kwa usiku mmoja wa mvua kabla ya kupelekwa safari.

Mlingoti usisimamishwe mahali ambapo ukianguka, au waya ukikatika, utagusa nyaya za umeme. Ncha ziwekwe juu ya kimo cha mkono wa mtu, kwani mtambo unaporusha huwa na volti mamia. Radi inaposikika, hata kwa mbali, kebo ichomolewe kutoka mtamboni na kutupwa nje ya hema.