Somo la Saba: Kuunda Meza ya Mbao ya Tangi la Samaki na Kuipaka Vanishi

Tangi la samaki wa mapambo huipendezesha sebule, na baadhi ya samaki wanaopendwa sana na wafugaji duniani wana asili ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Hata hivyo, mlaji anaponunua tangi huuliza bei ya kioo na bei ya samaki. Ni nadra kuuliza kuhusu meza itakayoubeba mzigo huo. Somo hili linamwelekeza mlaji anayetaka kuunda meza hiyo nyumbani, au kumwagiza fundi seremala na kuikagua kazi yake kabla ya kulipa.

1. Anza na uzito

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi lenye urefu wa sentimita 90, upana wa 45 na kimo cha 45 lina nafasi ya lita 182. Hata lisipojazwa hadi ukingoni, ukijumlisha maji, kioo cha milimita 8 ambacho peke yake hukaribia kilo 32, na changarawe ya kilo 30 hivi, mzigo wote hukaribia kilo 230. Huo ni uzito wa watu wazima watatu, nao hukaa mezani usiku na mchana kwa miaka. Meza ya televisheni haikuundwa kwa mzigo wa namna hiyo. Ikilegea, kioo hupasuka, maji huufikia umeme, na mtoto aliyeketi karibu huwa wa kwanza kuumia.

2. Kuchagua mbao

Mninga na mkongo ni mbao ngumu na za kudumu, ila bei yake ni kubwa. Paini iliyokauka vizuri yatosha kwa meza hii. Epuka mbao za unga uliogandishwa kwa gundi: zikinyonya maji huvimba na kupoteza nguvu.

Mbao mbichi ni hasara iliyofichika, kwa kuwa hujikunja na kuachia viungo baada ya meza kukamilika. Kata kipande kidogo, kipime kwa mizani ya jikoni, kiweke ndani mahali pakavu kwa wiki moja, kisha kipime tena. Kikipungua uzito, mbao bado inapoteza maji, iache ikauke.

Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa mara nyingi huwa na rangi ya kijani. Baadhi ya dawa hizo zina shaba na aseniki. Usichome vipande vyake jikoni, funika pua na mdomo unapozikata, na usiruhusu zigusane na maji ya tangi, kwani shaba huwadhuru samaki.

Beba futi yako sokoni. Mbao inayoitwa “mbili kwa nne” hupungua ikisharandwa, na vipimo vya kukatia hutegemea unene halisi.

3. Kuunda kiunzi

Kwa tangi lililotajwa, nunua mbao tatu za inchi 2 kwa 4 zenye urefu wa futi 12, na moja ya inchi 2 kwa 2 yenye urefu huohuo. Kwa mbao zenye unene kamili, kata:

- vipande 4 vya sentimita 90 na vipande 6 vya sentimita 35, kwa kiunzi cha juu na cha chini;
- vipande 4 vya sentimita 53, kwa miguu;
- vipande 4 vya sentimita 73 kutoka mbao ya 2 kwa 2, kwa kufungia kona.

Unda viunzi viwili vinavyofanana, mbao zikisimama kwa ubavu, kila kimoja kikiwa na kipande cha 35 katikati. Pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari. Vipimo viwili vikilingana, kiunzi kimenyooka. Simamisha miguu juu ya kiunzi cha chini, kisha weka kiunzi cha juu juu ya miguu. Upande mpana wa mguu uelekee upande mfupi wa kiunzi, ili mguu ubebe ncha ya mbao ndefu na ncha ya mbao fupi kwa pamoja. Vipande vya 2 kwa 2 viingie kona za ndani na kufungwa kwa gundi na skrubu.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: mbao ibebe, skrubu ishike. Mguu uliobandikwa ubavuni mwa kiunzi huuacha mzigo wote ukining’inia kwenye skrubu, na hilo ndilo kosa la kwanza la kutazama unapokagua kazi ya fundi.

Funga plaiwudi ya milimita 9 upande wa nyuma ili meza isiyumbe, na ya milimita 18 juu yake.

4. Jaribio la mifuko mitano

Kabla ya kupaka chochote, weka meza mahali itakapokaa na uipime kwa pimamaji. Ikiwa sakafu haiko sawa, tia vipande vyembamba vya mbao chini ya kiunzi. Kisha, ukisaidiwa na mtu mwingine, laza juu yake mifuko mitano ya saruji ya kilo 50 na uiache kwa siku moja, watoto wakiwa mbali. Meza ikitoa mlio, ikiyumba au ikipinda, rekebisha sasa. Ni afadhali kuishusha saruji kuliko kuokota vioo.

5. Msasa na vanishi

Piga msasa kwa kufuata mkondo wa nyuzi za mbao: namba 80, kisha 120, kisha 180. Futa vumbi. Mpako wa kwanza uwe mwepesi. Ukikauka, pitisha msasa namba 240 taratibu, kisha ongeza mipako miwili au mitatu. Usisahau ncha za mbao na sehemu ya chini inayogusa sakafu, kwani huko ndiko maji hupenya haraka zaidi.

Fanya kazi hii penye hewa na mbali na moto. Matambara yenye mafuta ya kitani yatandazwe nje yakauke. Yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe. Vanishi isiyonata kidoleni haijakomaa bado: fuata muda ulioandikwa kwenye kopo, na usilete samaki chumbani kabla harufu haijaisha kabisa.

6. Umeme

Soketi isiwe chini ya tangi. Waya wa pampu uachwe uning’inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia humo, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuifuata plagi. Chomoa vifaa kabla ya kutia mkono majini.

7. Haki yako

Dai risiti ya EFD, na umwombe muuzaji aandike aina ya mbao na vipimo vyake. Kagua tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye kopo la vanishi. Kwa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayomuuzia. Ukiuziwa mbao nyingine kwa jina la mninga, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti na kipande cha mbao. Msipoelewana, peleka lalamiko Tume ya Ushindani. Mlaji asiye na risiti ana maneno matupu. Mwenye risiti ana ushahidi.