SOMO: Kabla ya Kuchanga Pesa za Mtoto Kwenda Ulaya



Kikundi kimoja cha akina mama upande wa Shinyalu kilituita kwa jambo moja tu. Kijana wa mwanachama alikuwa amemaliza shahada ya pili. Wakala akamwambia kuna nafasi ya udaktari Ujerumani, bora alipe shilingi 150,000 "kushika nafasi". Sandukuni mlikuwa na pesa za merigoraundi za mwaka mzima. Mweka hazina akatuuliza, "Sasa tufungue sanduku ama tungoje?" Tukasema, ngojeni kwanza tujifunze pamoja.

Udaktari huu si ule wa kutibu wagonjwa. Ni shahada ya juu kabisa. Mtu hufanya utafiti wake mwenyewe kwa miaka mitatu, minne au zaidi, akiongozwa na profesa. Nafasi haiuzwi kama kiti cha matatu. Profesa humkubali mtu kwa sababu ya swali analotaka kuchunguza na uwezo wake wa kulichunguza.

Tena, kule Uswidi wanafunzi wengi wa udaktari huajiriwa na chuo na kulipwa mshahara. Uholanzi pia ni hivyo kwa wengi. Ujerumani, vyuo vya umma kwa kawaida havidai karo ya udaktari, ila ada ndogo ya kila muhula.

Wala maswali ya utafiti hayako mbali. Kati ya 2001 na 2010, mradi wa BIOTA uliogharimiwa na serikali ya Ujerumani ulichunguza Msitu wetu wa Kakamega. Watafiti kutoka Ulaya walifunga safari kuja kusoma miti, ndege na wadudu tunaopita kando yao kila siku.

Kijana afanye hivi:
1. Aandike swali lake la utafiti kwa kurasa chache.
2. Atafute profesa anayeshughulikia jambo hilo hilo, amwandikie mwenyewe. Majina yako katika tovuti za vyuo.
3. Awaombe walimu wake wa chuo barua za kumsimamia.
4. Aulize habari za ufadhili katika ofisi ya DAAD, Nairobi.

Kikundi nacho kiulize: Profesa ni nani? Barua ya kukubaliwa iko wapi? Je, chuo chenyewe kimeulizwa kama barua hiyo ni ya kweli?

Hatusemi harambee ife. Pasipoti, mtihani wa Kiingereza, viza na nauli ni gharama za kweli, na zina risiti. Lakini tukumbuke mwaka 2023, wazazi wa Uasin Gishu walipoandamana Eldoret wakidai pesa walizolipa ili watoto wao wakasome Ufini na Kanada. Wengine walikuwa wameuza mashamba.

Yule kijana wa Shinyalu alimwuliza wakala jina la profesa. Tangu siku hiyo simu haishikwi. Sanduku halikufunguliwa, na kijana sasa anaandika swali lake juu ya udongo wa mashamba ya miwa.

Maswali ya kujadiliana
1. Ni nani kijijini kwetu amewahi kulipia nafasi ambayo hakuipata? Tulijifunza nini?
2. Kikundi chetu kitoe pesa kwa gharama zipi, na baada ya kuona karatasi gani?
3. Ni jambo gani hapa kwetu lingefaa kuchunguzwa na mtoto wetu mwenyewe?