Kuuliza Halaiki Ukumbini: Nasaha kwa Wahadhiri wa Madarasa Makubwa

Mwalimu asimamapo mbele ya wanachuo mia tatu, akalifasiri jambo kwa ufasaha, kisha akauliza kama limefahamika, aghalabu hujibiwa kwa kimya, na kimya hicho hakimbainishii aliyeelewa na aliyepotea. Ndiyo sababu vyuo vikuu vingi vimeingiza vitufe vya kujibia, yaani kidude cha mkononi, au simu ya mwanachuo mwenyewe, ambacho kwacho kila mmoja huchagua jibu lake kwa siri, na mara jumla ya majibu ikadhihiri kwa mhadhiri.

Umuhimu wa kuuliza hivi aliubaini Eric Mazur, mudarisi wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliyekuwa na wanafunzi waliokokotoa hesabu ngumu za mitihani. Lakini alipowauliza mambo mepesi ya maana, mfano wa lori zito likigongana na gari dogo, ni lipi lilisukumalo la pili kwa nguvu kubwa zaidi, wengi walikosea, ilhali kanuni ya tatu ya Newton, waliyokuwa wameihifadhi, yasema nguvu hizo ni sawasawa. Basi mwaka 1991 akaanza kuikatiza mihadhara yake kwa maswali ya namna hiyo: kila mtu ajibu peke yake, kisha ahojiane na jirani aliyejibu vingine, halafu wote wajibu tena.

Katika mahojiano hayo ndimo ilimo faida yote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walibainisha mwaka 2009 kwamba ufahamu huzidi hata katika kikundi ambamo hapo awali hamkuwa na hata mmoja aliyelijua jibu sahihi. Na jambo hili, kwa rai yetu, latosha kumtuliza mhadhiri achelaye kwamba dakika za mazungumzo ni dakika zilizopotea.

Basi katika jibu la kwanza, waliopata sahihi wakiwa chini ya takriban asilimia 30, somo lifafanuliwe upya. Wakizidi 70, mhadhiri asonge mbele. Wakiwa baina ya hapo, wanachuo waachwe wajadiliane, wala matokeo ya kwanza yasioneshwe kabla ya mjadala, maana watu hufuata wengi. Tunawasihi wahadhiri wasivigeuze vitufe kuwa daftari la mahudhurio, kwani mwanachuo mmoja huweza kubeba vya wenziwe. Pasipo mtandao wa kutegemewa, kadi zenye herufi A hadi D, zikiinuliwa kwa pamoja, hutenda kazi iyo hiyo. Na maswali yaliyo bora hupatikana katika makosa ya mitihani ya mwaka uliopita.