Mzigo Ulioagizwa Mbali: Fungua Kabla ya Kutia Sahihi



Katika somo hili tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo limetufikia ofisini mara nyingi kuliko tulivyotarajia. Ni habari ya vitu vinavyoagizwa kwa simu au kwa intaneti, vinalipiwa kwa M-Pesa, halafu vinafika vimevunjika. Hasa baada ya bonasi ya chai, kikundi kikiwa na pesa mkononi, ndipo maagizo huwa mengi: pampu za kunyunyizia dawa, taa za sola, mashine za kuangulia mayai. Zamani mtu alipanda basi akaenda kuchagua dukani mwenyewe. Siku hizi anaona picha, anatuma pesa, anangoja.

Tuanze na kisa kimoja. Kikundi cha akina mama upande wa Litein, ambacho sisi hukitembelea, kilichanga kwa miezi minane ili kununua mashine ya kuangulia mayai. Waliagiza kwa muuzaji wa Nairobi, wakalipa pesa zote. Mzigo ulifika kwa basi Jumamosi jioni. Mvua imeanza, mwenye bodaboda anahimiza, karani wa mizigo anataka kufunga ofisi. Katibu wa kikundi akatia sahihi kwenye daftari, mahali palipoandikwa kwamba mzigo umepokelewa katika hali nzuri, akaondoka. Sanduku lilifunguliwa Jumapili baada ya misa, watu wote wakitazama. Kioo cha mlango kilikuwa vipande vipande, feni imepinda, na trei moja imepasuka.

Jumatatu simu zikaanza. Muuzaji akasema, "Mama, sisi tulituma ikiwa nzima. Ongea na watu wa basi." Watu wa basi nao wakasema, "Lakini mama, si ulisaini?" Muuzaji akapigiwa tena, simu ikalia tu bila kujibiwa. Mambo yakaendelea hivyo wiki mbili. Na mayai yalikuwa yameshakusanywa kwa majirani kwa ahadi ya kugawana vifaranga! Mayai ya kuangulia hayangoji. Baada ya siku saba hivi uwezo wake huanza kupungua. Yakaliwa.

Lakini hasara iliyotuumiza zaidi haikuwa mayai. Watu walianza kunong'ona ati katibu ndiye aliyeliangusha sanduku kwenye bodaboda. Hakuna aliyeweza kuthibitisha, wala yeye hakuwa na ushahidi wa kujitetea. Akaacha kuja mikutanoni. Nasi tuna lawama yetu hapa: ni sisi tuliowahimiza waagize mbali kwa sababu bei ilikuwa nafuu, na hatukuwafundisha namna ya kupokea.

Kumbe ninyi wakulima wa chai mnajua sana kazi ya kupokea, maana mnaiona kila siku ya kuchuma. Karani wa kituo cha kununulia majani hapokei mfuko wako kwa kuutazama kwa nje. Anatia mkono ndani. Akikuta majani magumu badala ya mawili na chipukizi, au yamelowa na kupata moto, anakurudishia uchambue. Akisharidhika ndipo anapima, na wewe unatazama mizani, na risiti inatoka. Hakuna anayemwita karani mkali. Basi mzigo wako wa basi ufanyie vivyo hivyo.

Kumbukeni pia safari yenyewe. Mzigo wa Kericho hupita Nakuru na Mau Summit. Wa Bomet mara nyingi hupita Narok. Njiani hupakiwa na kuteremshwa, huenda zaidi ya mara moja, pengine ukawekewa gunia la vitunguu juu. Maandishi ya "kioo, shika polepole" hayasaidii kitu usiku ndani ya buti ya basi. Kinachosaidia ni namna kitu kilivyofungwa, na hiyo ni kazi ya muuzaji. Muulizeni kabla ya kulipa: utaifunga vipi? Akiwa na sanduku la mbao, afadhali kuongeza pesa kidogo.

Sasa sheria inasemaje? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na ubovu. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inagusa hata mikataba ya intaneti. Na ipo ile sheria ya zamani ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31. Hii ndiyo tungependa mwielewe vizuri, maana ina pande mbili.

Upande wa kwanza unawasaidia. Kitu ulichonunua bila kukiona lazima kilingane na maelezo uliyopewa. Tena huhesabiwi kuwa umekikubali mpaka upate nafasi ya kutosha ya kukikagua. Ukikikataa kwa haki, si lazima wewe ukirudishe Nairobi kwa gharama yako, isipokuwa mlipatana hivyo. Inatosha kumjulisha muuzaji kwamba umekataa.

Upande wa pili unauma. Muuzaji akikabidhi mzigo kwa msafirishaji kama mlivyopatana, kwa kawaida sheria huhesabu kwamba amekukabidhi wewe. Yaani ukivunjika kule Mau Summit, huenda hasara ikawa yako, isipokuwa mlipatana vingine, au uonyeshe kwamba muuzaji hakuufunga ipasavyo au hakupatana na msafirishaji kwa uangalifu unaofaa. Na ukikaa na kitu muda mrefu bila kusema neno, unahesabiwa umekikubali. Kwa hiyo patana kabla ya kulipa, na kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha: "Mzigo ukifika umevunjika, utatubadilishia kwa gharama yako. Unakubali?" Asipojibu, hilo nalo ni jibu. Nunueni kwingine.

Siku ya kupokea waende watu wawili, tena mapema, si saa ya kufunga. Piga picha ya sanduku pande zote kabla ya kugusa gundi, namba ya risiti ionekane. Fungueni pale pale mbele ya karani. Akikataa msifungue, andikeni kwa mkono karibu na sahihi: "Haijakaguliwa ndani." Ukiona kona imebonyea, andika hivyo. Maneno hayo machache yangemwokoa yule katibu wetu. Ukikuta pamevunjika, usitupe sanduku wala maboksi ya ndani, na usianze kutengeneza. Mjulishe muuzaji na msafirishaji siku hiyo hiyo.

Kulalamika nako kuna ufundi wake. Kikundi kichague msemaji mmoja. Tumeona watu sita wakimpigia muuzaji mmoja, kila mmoja na hesabu yake, wa mwisho akimtukana. Huyo ataacha kushika simu, na tutamlaumu vipi? Andika jina la aliyejibu na saa. Baada ya simu, tuma barua fupi au ujumbe, kwa mfano:

"Sisi kikundi cha (jina) tuliagiza kwenu mashine ya kuangulia mayai tarehe (…) na kulipa shilingi (…), namba ya malipo (…). Tuliipokea tarehe (…), tukakuta kioo kimevunjika na feni imepinda. Picha ziko hapa. Hatuikubali mashine katika hali hii. Tunaomba mtubadilishie au mturudishie pesa katika muda wa siku 14."

Huduma ya kurudisha pesa ya M-Pesa, ile ya kupeleka ujumbe kwa namba 456, ni ya pesa zilizotumwa kimakosa. Msitegemee kwamba itawafaa kwa kitu kilichovunjika. Msafirishaji akiwa ndiye mkosaji, jueni kwamba wanaosafirisha vifurushi kwa biashara hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na malalamiko yasiyotatuliwa na kampuni yanaweza kupelekwa huko. Someni pia nyuma ya risiti yake. Mara nyingi kuna kiwango kidogo cha fidia, isipokuwa uliandikisha thamani ya mzigo wakati wa kutuma. Mwambie muuzaji aiandikishe. Mwisho kabisa ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, inatakiwa kumaliza kesi katika siku 60, na mtu anaweza kujisemea bila wakili. Ulizeni kwenye mahakama yenu iliyo karibu.

Ile mashine ya Litein? Tulipoandika barua na kuambatanisha picha zilizokuwepo, muuzaji alituma feni mpya na trei. Kioo alikataa kabisa, kwa sababu ya ile sahihi. Kikundi kikalipa fundi wa Kericho akakata kingine. Vifaranga wa kwanza walitoka siku ya 21 kama ilivyo kawaida. Mwenyekiti alikwenda nyumbani kwa katibu mara tatu. Mara ya tatu alikubali kurudi kikundini, lakini kalamu na daftari alisema wampe mtu mwingine.

Kwa mkutano wenu ujao: wanachama wawili waigize, mmoja karani wa basi mwenye haraka, mwingine mpokeaji, na sanduku lolote mlilo nalo. Kisha jadilini. Kikundi chenu kikiuza asali au mayai Nairobi, na mnunuzi apige simu kwamba vimefika vimevunjika, msemaji wenu atamjibu nini? Na mayai ya wale majirani, nani alipaswa kuyalipa?