BANGO LINATOKA NA MISTARI? IPE PRINTA NJIA YAKE

Somo la leo ni la wenzangu tunaopokea oda za mabango, stika na lebo mtandaoni halafu tunachapa wenyewe. Hata kama bado unapeleka kazi kwa watu, soma tu, siku ukinunua mashine utanikumbuka.

Swali ninaloulizwa sana inbox ni hili: "Printa kubwa inasimama simama katikati ya bango, ikiendelea inaacha mstari. Shida nini?"

Wengi wanakimbilia kusafisha hedi, na wino unaisha kwa kusafisha. Anza hivi: toa karatasi ya kupima hedi. Ikikatika katika, kweli shida ni hedi. Ikitoka safi, na mstari unatokea pale pale mashine iliposimama, basi angalia data inafikaje. Printa inachapa ikienda na kurudi. Data ikichelewa, inasimama kusubiri. Ule wino uliotangulia unakauka, unaofuata unakaa tofauti, na hapo ndipo unapata mstari.

Sasa tupige hesabu. Bango la mita 3 kwa mita 1, kwa dpi 150, rangi nne, bila kubanwa, ni kama MB 400. Programu ya RIP ikishaligeuza kuwa nukta za wino, linaweza kufika GB kadhaa. Mzigo wote huo unaupitisha kwenye WiFi ile ile ambayo dada wa kaunta anajibu wateja, wewe unapandisha video, na mteja aliyekaa kwenye benchi anaangalia mpira. Lazima printa isubiri.

Kumbuka pia megabiti 8 ndiyo megabaiti 1. Waya wa megabiti 100 kwa sekunde, ukienda vizuri kabisa, unapitisha MB 12.5 tu kwa sekunde. Zile MB 400 zinachukua zaidi ya nusu dakika. Waya wa giga 1 unapitisha hadi MB 125, yaani sekunde 3 au 4 kazi imekwisha. WiFi yenye watu wengi iko chini huko, tena inapanda na kushuka.

Dawa yake: mtandao wa printa uwe peke yake. Mimi dukani nina mashine mbili, ya mabango na ya stika, na nimezipanga hivi.

1. CHAGUA KOMPYUTA MOJA IWE SEVA
Usiogope neno seva. Ni kompyuta ya kawaida yenye programu ya RIP, na ndiyo pekee inayoongea na printa. Anayedizaini kwenye laptop haichapi mwenyewe, anaweka faili kwenye folda ya pamoja, seva inachukua. Faida nyingine: oda zinapangwa foleni moja, hakuna kugombania mashine.

2. SEVA IWE NA MILANGO MIWILI
Mlango wa kwanza unaenda kwenye rauta ya duka kwa ajili ya intaneti na mafaili. Wa pili ni wa printa tu. Kompyuta ya mezani unaiongezea kadi ya mtandao. Laptop unanunua adapta ya USB 3.0 yenye tundu la waya wa mtandao, halafu WiFi yake inabaki kwa intaneti.

3. SWICHI NA WAYA
Nunua swichi ndogo ya giga yenye matundu 5, na waya wa Cat5e au Cat6 wa shaba halisi. Waya usizidi mita 100. Chomeka mlango wa pili wa seva na printa zako, basi. WAYA WA RAUTA USIGUSE SWICHI HIYO. Ukiuchomeka, mtandao wa printa hauko peke yake tena. Kama printa yako ni ya zamani, ya megabiti 100, swichi haitaiongezea mwendo, lakini angalau njia haina foleni.

4. ANWANI ZISIZOBADILIKA
Ukiacha anwani zijipange zenyewe, siku umeme ukikatika printa inaweza kuamka na namba nyingine na RIP isiione. Weka kwa mkono. Tuseme rauta yako inatumia 192.168.1, basi printa zipe 192.168.10:
- Seva, mlango wa pili: 192.168.10.1
- Printa ya mabango: 192.168.10.11
- Printa ya stika: 192.168.10.12
- Subnet Mask kote: 255.255.255.0
- Default Gateway kwenye mlango wa pili: acha wazi. Ukijaza, kompyuta inaweza kuchanganyikiwa ipite wapi kutafuta intaneti.
Ziandike namba hizi kwenye karatasi, bandika ubavuni mwa mashine.

5. JARIBU
Kwenye seva fungua Command Prompt, andika ping 192.168.10.11. Ukipata majibu manne, njia iko wazi. Usipojibiwa, kagua waya, kisha tarakimu moja moja, kisha ulinzi wa Windows kwenye mlango huo. Ikijibu, ingia kwenye RIP, ongeza printa kwa anwani hiyo.

6. ZUIA SEVA ISILALE
Zima usingizi wa kompyuta na wa kadi ya mtandao. Seva na swichi ziwe kwenye UPS. Printa yenye hita usiichomeke kwenye UPS ndogo, haitaiweza.

Nani imfae? Printa nyingi za Roland, Epson SureColor na HP Latex zina tundu la mtandao. Kama yako inatumia USB tu, iweke karibu na seva, kwa sababu waya wa USB 2.0 mwisho wake ni mita 5.

Gharama ya swichi na waya ni ndogo kuliko roli moja ya flex. Na sisi wa mtandaoni mteja hatujui sura. Bango la harusi likifika na mstari katikati, hatakuja dukani kulalamika, atapiga picha aiweke kwenye komenti. Utachapa upya, utalipa bodaboda mara ya pili, na walioiona ile picha hawaagizi.

Kabla hujabadilisha chochote, chapa bango moja na uandike limechukua dakika ngapi na limesimama mara ngapi. Ukimaliza kufunga, rudia faili lile lile, utaona mwenyewe.

Umekwama hatua ipi? Andika hapo chini modeli ya printa yako na ping imejibu nini, tusaidiane.