Kazi ya Kuongoza Ndege: Tuulize Kabla ya Kuchanga



Hapa Gatongora tunaona ndege zikipita juu ya kahawa iliyobaki na juu ya haya majumba mapya. Mtoto akiuliza, "Ni nani anazizuia zisigongane?" wengi wetu hatuna jibu. Jibu ni mwongoza ndege. Yeye harushi ndege. Anakaa kwenye mnara wa uwanja, au mbele ya rada, na kwa redio anamwambia rubani apande, ashuke, angoje au atue.

Tumechagua somo hili kwa sababu tulikosea. Kikundi kimoja cha upande wetu kilifanya harambee ili binti wa mwanachama asomee kazi hii. Mama yake aliuza ng'ombe wa maziwa. Sisi wa maendeleo tulisimama pale tukahimiza watu watoe. Hakuna aliyeuliza kama chuo kile kilikuwa na kibali cha kufundisha kozi hiyo. Binti alimaliza, akapewa cheti, akaenda kuomba leseni. Aliambiwa cheti hicho hakimfikishi popote. Ametupa ruhusa tueleze, ili mwingine asipotee kama yeye.

NJIA YENYEWE NI HII

1. Shuleni. Masomo yanayobeba kazi hii ni Hesabu, Kiingereza, Fizikia na Jiografia. Kwa walioanza Gredi ya 10 tangu Januari 2026, mkondo unaofaa ni ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu. Mtoto asiambiwe habari hii akiwa ameshamaliza shule. Aambiwe mapema, kabla ya kuchagua masomo.

2. Kuchaguliwa. Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ya Kenya, KCAA, ndiyo hutangaza nafasi za wanagenzi wa kuongoza ndege. Nafasi huwa chache. Alama zinazotakiwa zimeandikwa ndani ya tangazo lenyewe, kwa hiyo soma tangazo, usisomewe na dalali.

3. Mafunzo. Hapa Kenya shule inayojulikana kwa kazi hii ni Shule ya Usafiri wa Ndege ya Afrika Mashariki, iliyoko Embakasi, ambayo ilianza mwaka wa 1954. Mwanafunzi husoma sheria za anga, hali ya hewa, ramani, jinsi ndege inavyoruka, na lugha ya redio. Kisha hufanya mazoezi kwenye mitambo ya kuigiza, ambapo ndege ni picha tu na makosa hayaui mtu.

4. Leseni. Cheti cha darasani hakitoshi. Kanuni za kimataifa zinataka mwenye leseni awe ametimiza miaka 21, awe amepimwa na daktari aliyeidhinishwa, na ajue Kiingereza cha redio kufikia angalau ngazi ya 4 kati ya ngazi 6. Tena lazima awe ameongoza ndege za kweli kwa muda usiopungua miezi 3, huku mwenye ujuzi amekaa kando yake. Macho na masikio hupimwa, lakini kuvaa miwani peke yake hakumfungii mtu njia.

Hata akishapata leseni, anaidhinishwa kwa kituo na kwa aina ya kazi. Aliyezoea mnara wa Wilson akihamishwa Mombasa, anajifunza tena anga ya huko na kupimwa upya.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Kwanza, tumeni watu wawili waende wenyewe kuuliza. Ofisi kuu ya KCAA iko kwenye uwanja wa Jomo Kenyatta, na ukitoka Ruiru unapitia barabara ya Eastern Bypass. Nauli ya watu wawili ni ndogo kuliko bei ya ng'ombe.

Pili, ulizeni kwa jina la kozi, si kwa jina la chuo tu. Chuo kinaweza kuwa na kibali cha kufundisha wahudumu wa ndani ya ndege, na kisiwe na kibali cha waongoza ndege.

Tatu, karo ilipwe kwenye akaunti ya chuo, kamwe si kwa simu ya mtu. Risiti iwekwe na mweka hazina. Mnajua wenyewe: mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne, anayewaambia "leteni kitu kidogo, nafasi ipo" ni mwizi. Nafasi ya kazi hainunuliwi. Mpelekeni kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.

Hatusemi watoto wetu wasitamani kazi hii. Wasichana kwa wavulana, wanaiweza. Tunasema upendo wa mzazi usitembee gizani. Kuuliza si ujinga.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, ni mchango gani wa masomo tuliwahi kutoa bila kuuliza? Matokeo yalikuwa nini?
2. Kwa nini tunaona haya kuuliza maswali mbele ya mtu aliyevaa suti?
3. Kabla ya harambee ijayo, ni nani wawili tutawatuma, na watarudi na karatasi gani?

Andikeni majibu kwenye daftari la kikundi, mje nayo kwenye mkutano wetu ujao.